Vipimo Tisini na Tatu vya Kimya

Kabati alibisha hodi mara tatu kwenye mlango wa chumba cha juu, akasikiliza, akabisha tena, kisha akausukuma kwa bega. Ilikuwa Jumanne, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Mazoezi yalipaswa kuanza saa kumi na moja na robo, na Mtunzi hakuwa mtu wa kuchelewa. Alikuwa mtu wa kuwasuta wanaochelewa.

Alimkuta amekaa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza, miguu imenyooka kama ya mtu anayepumzika baada ya kufua. Droo zote tatu za meza zilikuwa nje, ya chini imeng'oka kabisa na vitu vyake vimemwagika: penseli, risiti, soksi moja. Kabati alimshika mkono. Ulikuwa baridi. Akashuka ngazi kumi na nane, akampigia simu polisi, halafu akakaa juu ya sanduku la selo yake, ile fidla kubwa ya sauti nzito, na kuanza kulia kwa sauti ya chini kuliko selo yenyewe.

Inspekta alifika saa kumi na mbili kasoro dakika tano, na koplo mmoja nyuma yake. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili mwenye magoti yasiyopenda ngazi. Muziki na yeye walikuwa hawajuani. Shuleni alifukuzwa kwaya mara mbili, na mara ya pili alikuwa hata hajafungua mdomo.

"Alikuwa na pumu?" aliuliza, akitazama midomo ya marehemu.

"Tangu utotoni," alijibu Kabati kutoka mlangoni. "Pampu yake ya dawa haikukaa mbali naye. Hata jukwaani aliiweka chini ya kiti."

"Iko wapi sasa?"

Ndipo Kabati alipozitazama droo kwa mara ya kwanza, akaelewa zilivutwa na nani na kwa nini.

Juu ya meza kulikuwa na kitu kimoja tu kilichopangwa vizuri: nota za muziki, karatasi zimelingana pembe kwa pembe. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na maneno chini yake, kwa wino mweusi: *Mwisho. Jumanne, saa 10:10.*

"Ni kawaida yake," Kabati alisema. "Akimaliza kipande huandika siku na saa. Alisema mama mzazi naye hupewa saa ya kuzaliwa kwa mwanawe. Hii ni sehemu ya tatu. Tulikuwa tunaisubiri mwezi mzima."

Inspekta aliufunua ukurasa huo na ule wa kabla yake. Mistari ilikaa minne minne, kila chombo na wake. Mitatu ilikuwa imejaa vitone na mikia. Wa pili kutoka juu ulikuwa na vistari vifupi tu, na juu ya kila kistari namba ndogondogo: 94, 95, 96, hadi 112. Alifikiri ni namba za kuhesabia nyumba, kama barabarani. Akazifunga.

Daktari alisema kifo kilitokea kati ya saa sita mchana na saa kumi na moja jioni. Chumba kilikuwa na joto la bati, na zaidi ya hapo asingeweza kuapa. Lakini karatasi ilikuwa imeapa kwa niaba yake. Saa kumi na dakika kumi Mtunzi alikuwa hai, kalamu mkononi.

Mlinzi wa getini alikuwa mzee wa kuandika kila kitu. Kwenye daftari lake la siku ile, baada ya Mtunzi kuingia saa mbili asubuhi, kulikuwa na watu watatu tu. Kitinda, mdogo wake Mtunzi, aliingia saa sita na nusu, akatoka saa nane kasoro robo. Kiongozi aliingia saa kumi kamili. Kabati aliingia saa kumi na moja na dakika kumi.

Kundi lao lilikuwa la watu wanne na nyuzi kumi na sita. Kiongozi alipiga fidla ya kwanza, Kitinda fidla ya pili, Kabati selo. Mtunzi mwenyewe alipiga viola, ambayo ni fidla iliyonenepa kidogo na kupata sauti ya mtu mzima. Kwa miaka tisa walikuwa wakila pamoja, wakigombana pamoja na kukosa usingizi katika basi moja.

Koti la Kiongozi lilikuwa limetundikwa ukumbini. Koplo alitia mkono mfuko wa kulia, akatoa pampu ya dawa.

Jumatano saa tatu asubuhi Inspekta alimkuta Kitinda chumbani kwake. Alikuwa na miaka ishirini na tisa na macho yaliyovimba hadi kukaribia kufungana. Karatasi zake za kupigia zilikuwa zimetawanyika kitandani, na Inspekta, ambaye hupenda kushika vitu anapouliza, aliokota moja. Penye vistari vya kimya palikuwa na namba za penseli.

"Hizi nini?"

"Ni za kuhesabia, Afande. Fidla ya pili inanyamaza sana. Usipohesabu unaingia pasipo pako, Kiongozi anakutazama kama umemkanyaga."

"Wengine hawahesabu?"

"Kiongozi?" Alicheka kidogo, kicheko cha mafua. "Huyo hanyamazi, ahesabu nini! Kabati humtazama Dada. Dada ndiye aliyeandika, anajua kwa kichwa."

"Jana ulimwendea."

"Nilimpelekea chakula. Nikamwacha anaandika, mzima kabisa. Akanitania kuhusu viatu vyangu. Saa tisa nilikuwa darasani na watoto ishirini na wawili mpaka saa kumi na moja. Waulize. Wale wanahesabu dakika kuliko mimi."

"Uliiona hiyo sehemu ya tatu?"

"Hapana. Kazi zake zote mimi ndiye ninayezinakili, lakini hanionyeshi mpaka imalizike."

"Unajua ndani yake kuna nini?"

"Sijui," alisema Kitinda, na akaanza kukunja nguo iliyokwisha kukunjwa.

Saa nane mchana ilikuwa zamu ya Kiongozi. Alikuwa mwanamume mrefu aliyezoea kutazamwa, na kiti cha kituo cha polisi hakikumfaa.

"Pampu ilikuwa kwenye koti lako," Inspekta alisema.

"Niliikuta juu ya kinanda, ukumbini, nilipoingia. Nikaitia mfukoni nimpelekee."

"Ukampelekea?"

Kiongozi alijisogeza kitini.

"Ngazi kumi na nane, bwana. Nimezipanda kwa magoti haya."

"Tulikuwa hatusemezani." Alijikuna kidevu pale fidla inapokaa, penye alama nyeusi ya miaka. "Nilisema nikipanda, ataona nimekwenda kuomba radhi. Nikasema akiihitaji atashuka mwenyewe. Nikakaa chini nikafanya mazoezi, saa nzima. Sikusikia hata kiti kuvutwa. Nilidhani ananinunia."

"Mligombania nini?"

"Hiyo sehemu ya tatu. Nilimwambia ni kelele za sufuria. Na fidla ya pili haina hata sauti moja! Mwanzo mpaka nilipofika mimi, vistari vitupu. Nilimwambia, unamwaibisha mdogo wako mbele za watu. Akacheka. Alikuwa na kicheko kile, Afande, cha mtu aliyekuficha kitu."

"Kitinda anajua kwamba hana sauti?"

"Mimi ndiye niliyemwambia, Jumatatu. Nilidhani nampa pole."

Inspekta aliandika hilo kwenye kijitabu chake, na pembeni akaweka alama ya kuuliza. Mtu aliyekamatwa na pampu mfukoni huwa na maneno mengi ya kugawia wengine. Akamweka ndani. Alikuwa peke yake na Mtunzi katika jengo lile kuanzia saa kumi, Mtunzi aliandika saa kumi na dakika kumi, na dawa ilikuwa mfukoni mwake. Hesabu ilikuwa inakubali.

Kwa ukamilifu alimhoji Kabati pia.

"Wewe na marehemu?"

"Nilimposa mara mbili. Mara ya kwanza alinipa chai. Mara ya pili alinipa chai na biskuti." Alipangusa uso kwa kiganja kikubwa. "Niliona tunakwenda mbele."

Inspekta alimruhusu aondoke. Alimpa leso yake, na hakuidai.

Maziko yalikuwa Alhamisi alasiri. Baada ya watu kutawanyika, baba wa marehemu alimfuata Inspekta kwenye gari. Alikuwa fundi wa fidla, mfupi, vidole vimekakamaa kwa gundi ya miaka hamsini, na hakuna aliyemwita jina lingine isipokuwa Mzee Gundi.

"Mwanangu," alisema, "nifanyie kitu kimoja. Hizo nota ziko kwako?"

"Ni kielelezo, Mzee."

"Sitaki kuzimeza. Nipe nakala. Ni barua ya mwisho ya binti yangu, na ninyi nyote mmeisoma isipokuwa mimi, tena ninyi hamjui kusoma."

Inspekta alikuwa mjane. Alijua mtu hutafuta nini katika karatasi za aliyekwenda. Nakala ilifika karakana saa moja jioni.

Jumamosi saa tatu asubuhi Mzee Gundi alimwita. Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye harufu ya mbao na vanishi. Fidla zisizo na nyuzi zilining'inia darini kama nyama buchani. Mezani palikuwa na viola ya Mtunzi, iliyoletwa Jumatatu kurekebishwa daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, na sasa imemalizika, inang'aa, haina mwenyewe. Zile nota zilikuwa zimebandikwa ukutani kwa mstari mmoja, kurasa kumi na moja.

"Kaa. Chai ipo. Sukari haipo, daktari kaihamishia kwake." Mzee alichukua kipande cha chaki. "Nitakusomea kama ninavyokagua chombo kilichovunjika. Kwanza nauliza, kimepasukia wapi."

"Mimi sijui hata do."

"Vizuri. Hutanibishia. Sauti zote za muziki huu ni kumi na mbili, hakuna ya kumi na tatu. Mtu akitunga wa kisasa kama huu, unaoyumba, usiokaa nyumba moja, kwa kawaida anazitumia zote. Sasa sikiliza." Alikwangua uzi mmoja wa viola bila kuubonyeza. "Huu mtupu ni la. Huu, so. Ndizo nyuzi rahisi kuliko zote. Kila mpigaji hupumzikia hapo kama abiria kwenye benchi. Mimi ni fundi, natafuta nyuzi tupu kwanza, maana ndizo zinazonipigia kelele. Nimezitafuta hapa. Hazimo."

"Labda alizisahau."

"Kipimo cha kwanza hadi cha tisini na tatu? Kipimo ni hiki kijumba, kati ya mistari hii miwili iliyosimama. Fidla ya kwanza inazikwepa, selo inazikwepa, yeye mwenyewe anazikwepa hadi vidole vinapindana. Nikahesabu moja moja, Ijumaa kutwa. Sauti nne hazimo kabisa. So, la, ti na mi. Ndiyo maana Kiongozi anasikia kelele za sufuria. Anasikia nyumba iliyotolewa milango minne."

"Alizitoa kwa nini?"

Mzee Gundi alipangusa chaki mikononi. Alichukua viola, akazikwangua kwa kidole gumba: tatu zikapanda, ya nne ikaanguka chini.

"Mama yao alifariki mdogo akiwa na miaka minne," alisema. "Mkubwa ana kumi na tatu. Mimi nilikuwa hapa nagundisha vitu vya watu. Yeye ndiye aliyemwogesha yule mtoto, akamlisha, akamsuka. Jioni akitaka kumwita kutoka mchezoni alimpigia mluzi huo. So, la, ti, mi. Mtaa mzima uliujua. Na yule mtoto, hata awe juu ya ukuta wa nyumba ya tatu, alijibu: 'Nakuja, Dada!' Mimi ningekupigia mluzi wenyewe, lakini meno yangu ya mbele yamestaafu kabla yangu."

Inspekta aliweka kikombe chini.

"Na fidla ya pili imekaa kimya wakati wote huo."

"Imekaa kimya. Watatu wanatembea gizani bila zile sauti nne, na mmoja hajafungua mdomo. Hata wewe uliyefukuzwa kwaya unajua kinachofuata."

"Nani kakwambia nilifukuzwa?"

"Nilikusikia ukiimba juzi makaburini."

Kwa dakika nzima walikuwa karibu kucheka. Kisha Mzee akapiga chaki ukutani, mstari mnene wa wima kwenye ukurasa wa kumi.

"Hapa. Kipimo cha tisini na nne. Viola inaingia na la, uzi mtupu. Kinachofuata, so. Baadaye fidla ya kwanza inapiga ti ndefu, haina hata aibu. Vyote alivyovificha kwa vipimo tisini na tatu vimemwagwa sakafuni kama zile droo. Na fidla ya pili bado kimya, hadi mwisho. Haya si maandishi ya binti yangu, Afande. Hati ni yake, kalamu ni yake, mtindo ni wake kabisa, hata vile anavyopenda kukata mdundo katikati. Lakini aliyeandika vipimo hivi kumi na tisa hakujua kazi hii inaelekea wapi."

Inspekta alisimama, magoti yakalalamika. Alikuwa hatazami tena nota. Alikuwa anatazama saa: 10:10.

"Kwa hiyo hakuimaliza," alisema polepole. "Na hiyo saa hakuiandika yeye."

"Mimi nimetengeneza nusu. Nusu nyingine ni kazi yako." Mzee alimgeuzia mgongo na kuanza kukoroga gundi ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Saa ya uongo humsaidia nani? Si Kiongozi. Saa kumi na dakika kumi ndiyo iliyomfunga. Si Kabati, aliyekuwa bado njiani. Inamsaidia mtu aliyetoka mapema, mwenye watu ishirini na wawili wa kumshuhudia baadaye. Inspekta alisogea hadi pua ikakaribia karatasi. Kurasa tisa za kwanza, mstari wa pili: vistari vitupu, safi. Baada ya mstari wa chaki: vistari, na juu yake namba ndogondogo. 94. 95. 96.

"Mzee. Mtunzi huandika namba juu ya kimya?"

"Namba za vipimo huandikwa juu kabisa, mwanzo wa kila safu. Hizo hapo, aliandika."

"Na hizi?"

"Mtunzi hahesabu kimya." Mwiko uligonga kopo. "Kimya anahesabu anayenyamaza."

"Uliziona lini?"

"Alhamisi usiku sikuziona, miwani ilikuwa na machozi. Ijumaa asubuhi."

"Mbona hukuniita Ijumaa?"

Mzee Gundi aligeuka. Uso wake ulikuwa umekauka kama mbao iliyokaa viangazi viwili.

"Ijumaa nilikuwa bado na mtoto mmoja," alisema. "Nilitaka niwe naye siku nzima."

Kila siku Kitinda alimletea baba yake chakula cha mchana, na Inspekta alimngoja hapohapo. Saa sita na nusu alisukuma mlango, bakuli mkononi, fidla mgongoni. Alimwona Inspekta, akaona ukuta, akaona mstari wa chaki. Akaweka bakuli mezani taratibu, kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama."

"Kaa," Inspekta alisema. "Uliniambia hukuiona sehemu ya tatu. Kiongozi anasema alikueleza Jumatatu."

"Kiongozi anasema mengi."

"Hili alisema kweli. Jumanne ulikwenda ukakuta nota wazi mezani. Soma hapo ukutani, kipimo cha tisini na nne. Nani kaandika?"

"Dada."

"Namba hizo ndogo nani kaandika?"

Kitinda alitazama. Inspekta alikuwa amekwisha kuwaona watu wengi wakikamatwa, na wengi hutazama mlango. Huyu alitazama zile namba kama mtu aliyejikuta ameimba bila kujua.

"Sikujua nimeziandika," alisema. "Baba, Wallahi, sikujua."

"Sema na mimi," Inspekta alisema, kwa upole aliokuwa hakuupanga. "Anza saa sita na nusu."

"Nilimkuta anaandika. Nikatazama mstari wangu. Hakuna kitu. Kurasa tisa, Afande! Miaka tisa nimepiga nyuma yake, nimenakili kila tone alilodondosha, halafu ananifuta. Nikamwambia, si ungesema tu kwamba hunitaki? Akacheka. Akasema, 'Subiri mwisho, wewe punda.' Nikasema, nasubiri mwisho gani, mimi nimesubiri maisha yangu yote! Akazidi kucheka. Akicheka sana pumu inamshika, Baba unajua. Akaanza kukohoa, anacheka na kukohoa. Pampu ilikuwa mezani. Nikaichukua."

"Kwa nini?"

"Nilitaka aache kucheka."

Gundi ilitokota kwenye jiko dogo. Mzee hakuizima.

"Nikashuka nayo ukumbini. Nikasema moyoni, umeniandikia kimya cha vipimo tisini na tatu, haya, nitakupa hichohicho. Nikasimama kando ya kinanda nikahesabu. Kwa mwendo wake, ule wa polepole aliouandika juu. Nilimsikia anavuta droo. Nilijua ni droo." Sauti yake ilikuwa nyembamba, sawasawa, kama mtu anayesoma. "Sikuharakisha. Ndiyo kazi yangu, sijawahi kuharakisha. Kufika themanini droo zikanyamaza. Nikamaliza. Tisini na moja, tisini na mbili, tisini na tatu. Nikapanda."

"Pampu ukaiacha juu ya kinanda."

"Niliiweka chini ili nihesabu kwa vidole."

Inspekta alikuwa na swali lingine, akalisahau. Ilibidi atazame kijitabu.

"Ukakaa naye saa nzima, ukaandika."

"Niliona mkifika mtasema hakumaliza. Nilitaka amalize. Na nilitaka ionekane nilikuwa nimeshaondoka. Yote mawili. Nikakaa kwenye kiti chake, miguu yake iko pale chini. Nikaandika kama anavyoandika yeye. Nilifikiri nimepatia."

"Ulijiachia kimya hadi mwisho."

"Nani angeniamini kama ningejiandikia? Alishanifuta. Na ndani ya kichwa nilikuwa sijaacha kuhesabu. Mpaka leo sijaacha, Afande. Niko kwenye elfu hamsini na kitu."

"Kiongozi yuko ndani tangu Jumatano."

"Najua. Kila siku nilisema kesho nitakwenda kusema." Aligeuka. "Baba. Mmeijuaje, kama hati ni moja?"

Mzee Gundi aliweka mwiko kando. Akamtazama Inspekta, macho yakiomba. Angeweza kusema ni namba tu. Ingetosha kwa mahakama, na binti angeondoka hajui. Inspekta aliinamisha kichwa kidogo, si amri, ila kumwachia aamue.

Mzee alichukua viola. Akakwangua kwa kidole gumba: tatu zikapanda, ya nne ikaanguka.

"Hizo nne hazimo popote mpaka pale ulipoanzia wewe," alisema. "Hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Alikuwa anakuwekea."

Kitinda alisimama. Alipita ukuta mzima, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mstari wa fidla ya kwanza, wa viola, wa selo. Alijua kusoma kuliko wote waliokuwamo, na alisoma haraka. Alipofika kwenye mstari wa chaki kidole kilisimama. Kilio kilichomtoka hakikuwa cha mtu mzima. Kilikuwa cha mtoto aliyeamka usiku akakuta kitanda cha pili hakina mtu.

Baba yake alimshika asianguke. Alimshika kwa muda mrefu, jinsi anavyoshikilia mbao mbili mpaka zikamatane, na Inspekta akatoka nje kutazama gari ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Saa saba na dakika ishirini koplo alimfungulia Kitinda mlango wa nyuma wa gari. Fidla yake ilibaki juu ya meza ya baba, karibu na viola. Bakuli la chakula halikufunguliwa.

"Kiongozi atoke leo hii," Inspekta alimwambia koplo. "Na mwambie aende kwa Mzee. Asiseme kitu, akae tu."

Gari lilianza kusogea. Mzee Gundi alikuwa mlangoni mwa karakana, aproni imejaa vumbi la mbao. Alitia vidole viwili mdomoni, kama alivyomwona binti yake mkubwa akifanya kila jioni kwa miaka ile yote, akapuliza. Pale palipokuwa na meno ya mbele palitoka upepo tu. Alivuta pumzi, akapuliza tena. Upepo. Tatu za kupanda, moja ya kuanguka, hakuna hata moja iliyokuwa na sauti.

Kwenye kiti cha nyuma, Kitinda aliinua kichwa kwa ghafla.

"Nakuja, Dada," alisema.

Koplo alitazama huku na huku kutafuta anayeambiwa. Inspekta, aliyefukuzwa kwaya mara mbili, alikuwa ameusikia mluzi wote.